Waya wa Ethi na Sensa ya Waidibendi

Ndugu mafundi, walimu wangu mliopo, na ninyi vijana mnaojifunza kazi hii, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuacha kazi mezani mkaja kunisikiliza.

Nimeombwa nizungumze juu ya kufunga sensa ya oksijeni ya kwenye bomba la moshi isiyokuja na gari, ile ya kuongeza, ambayo sote tumezoea kuiita waidibendi. Nadhani wengi mlitarajia nichore nyaya ubaoni, niseme mwekundu uende huku, mweusi uende kule, kisha tuagane. Mchoro huo mnao tayari, umo ndani ya boksi la kifaa, na rangi za nyaya hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Mkikariri za kwangu mtaunguza vifaa vyenu. Kwa hiyo mengine nitayapita upesi, na muda mwingi nitautumia kwenye waya mmoja tu, waya wa ethi, ule unaorudisha umeme upande wa hasi wa betri. Waya huo ndio uliosababisha niiharibu injini ya mtu aliyeniamini, na tangu siku ile sijafunga waidibendi bila kuufikiria kabla ya kitu kingine chochote.

Kwanza tuelewane sensa hii inapima nini.

Kwenye ncha ya sensa kuna kauri ya zirkonia. Ikiwa baridi, kauri hiyo haina tofauti na kipande cha kigae, haipitishi kitu. Ikipashwa moto mkali, chembe za oksijeni zenye chaji ya umeme huanza kupenya ndani yake. Mkemia Mjerumani Walther Nernst aliitumia kauri ya aina hiyo mwaka 1897 kutengeneza taa, na taa yake ilikuwa na sharti moja: lazima kijiti chake kipashwe moto kwanza ndipo kianze kupitisha umeme na kuwaka. Sharti hilo tumelirithi. Ndiyo maana kila waidibendi ina hita ndani yake, na hita hiyo inakula umeme mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kifaa. Likumbukeni neno hita, maana tutalirudia tukifika kwenye ethi.

Sensa ya zamani, narobendi, hujibu swali moja: petroli imezidi au imepungua? Mizani yake ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito, kiwango tunachokiita lamda 1. Petroli ikizidi hutoa karibu volti 0.9. Ikipungua hushuka hadi karibu 0.1. Hapo katikati, kwenye volti 0.45, huporomoka ghafla kama mtu aliyefika ukingoni mwa genge. Kampuni ya Bosch ndiyo iliyoianzisha, na magari ya Volvo yakaanza kuwekewa mwaka 1976. Kwa gari la kila siku inatosha, kwa sababu kompyuta ya gari inachotaka ni kuzunguka ukingo huo, huku na huku, ili masega ya kwenye bomba la moshi yafanye kazi yake ya kusafisha. Lakini iulize narobendi petroli imezidi kwa kiasi gani, haina jibu. Ukiongeza tabo, ile mashine ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, au ukibadilisha injekta zinazonyunyiza petroli, jibu hilo ndilo unalolihitaji.

Waidibendi ina seli mbili, na baina yake kuna kichumba kidogo mno ambamo moshi huingia kupitia upenyo mwembamba. Seli moja, inayoitwa kwa jina la Nernst, hutazama hali ya kichumba na kutaka isimame kwenye milivolti 450, yaani lamda 1. Seli ya pili ni pampu. Oksijeni ikizidi kichumbani huitoa. Ikipungua huiingiza, mpaka ile ya kwanza iridhike. Umeme unaotumika kuendesha pampu hiyo ndio kipimo chenyewe. Kwenye lamda 1 ni sifuri. Petroli ikipungua umeme huenda upande wa chanya, ikizidi hugeuka upande wa hasi, na kiasi chake hueleza umbali. Tunazungumzia miliampea chache tu, umeme mdogo usioweza hata kuwasha balbu ya dashibodi.

Sasa fikirini. Ndani ya kifaa hicho hicho kuna hita, ambayo ikiwa baridi ingevuta ampea zaidi ya 3 kama ungeipa volti 12 ghafla, na kuna pampu inayosema kwa miliampea. Mmoja anapiga kelele, mwingine ananong'ona, na wote wawili wamefungwa kamba moja. Kazi yetu mafundi ni kuhakikisha kelele za hita haziufikii mnong'ono.

Ndiyo sababu waidibendi haiendi moja kwa moja kwenye kompyuta ya gari. Kati yao kuna kidhibiti. Kidhibiti ndicho kinachopandisha joto la hita taratibu, kinachoendesha pampu, kinachosoma miliampea na kuzigeuza volti au namba kwenye geji. Katika sehemu ya waya iliyo kati ya sensa na kidhibiti, nawaomba mikono yenu iwe mizito. Msikate. Msiunganishe kwa kuchomelea risasi. Msifupishe waya kwa kuwa umeonekana mrefu. Ukunjeni vizuri mkaufunge mahali pakavu. Sensa ya Bosch inayoitwa LSU 4.9, ambayo imeenea kuliko nyingine, ina nyaya 5 zinazotoka kwenye kichwa chake, lakini soketi yake ina pini 6. Nimewahi kuletewa sensa mpya na kijana akisema ina kasoro, waya mmoja haupo. Haikuwa na kasoro. Ndani ya soketi ile kiwandani waliweka rezista ndogo iliyopimwa kwa ajili ya sensa hiyo moja, na pini ya sita ni ya rezista hiyo. Anayekata soketi ili apitishe waya kwenye tundu jembamba la bodi ameitupa rezista, na kipimo cha sensa kimeondoka nayo. Panueni tundu la bodi, wekeni mpira, pitisheni soketi nzima.

Jambo jingine la hapo hapo: LSU 4.9 na ndugu yake mkubwa LSU 4.2 zinafanana mno zikiwa mezani, lakini hazibadilishani. Kidhibiti hujua joto la kauri kwa kupima ukinzani wa seli ya Nernst, kwa 4.2 hulenga omu 80, kwa 4.9 hulenga omu 300. Ukiweka 4.9 kwenye kidhibiti kilichopangwa kwa 4.2, kitaendelea kuichochea hita kikitafuta omu 80, na kauri itapata joto kupita kiasi. Someni kidhibiti chenu kinataka ipi.

Juu ya mahali pa kuitoboa ekzosi, yaani bomba la moshi, sitasema mengi, kwa sababu karatasi za kifaa husema vizuri. Nati ya kuchomelea ni ya uzi wa M18 kwa 1.5. Iwe kabla ya masega. Kama injini ina tabo, iwe baada ya tabo, tena mbali nayo kiasi, sentimita 60 hadi 90 kwa kawaida, maana kabla ya tabo shinikizo la moshi hupotosha kipimo na joto huiua sensa. Iangalie juu: ukiufikiria mzingo wa bomba kama uso wa saa, sensa isimame kati ya saa 10 na saa 2 za mishale. Sababu ni maji. Injini ikiwaka asubuhi, ndani ya bomba hutiririka maji. Tone likiigonga kauri iliyokwisha kupata moto, kauri hupasuka kama glasi yenye chai ya moto ukiitia maji ya barafu. Wakati wa kuchomelea nati, sensa iwe mezani na betri ifunguliwe. Mimi hufunga sensa ya zamani iliyokwisha kufa ndani ya nati ninapochomelea, ili uzi usipinde. Jaribuni hilo, litawaokoa kuhangaika na kuchonga uzi upya. Mkifunga sensa mpya, kazeni kati ya nyutoni-mita 40 na 60.

Haya, tuje kwenye umeme.

Waya wa chanya una maswali mawili: unatoka wapi, na unapata umeme lini? Usitoke kwenye waya wa redio, wala wa wipa, na kamwe usiuchukue kwenye waya unaolisha koili au injekta. Utoke kwenye betri, upite fyuzi yake wenyewe, kisha upite rilei, swichi inayowashwa na umeme mdogo wa waya mwingine. Ukubwa wa fyuzi fuateni karatasi ya kifaa. Vingi husema ampea 5. Hilo ndilo rahisi.

La pili ndilo wengi hukosea. Ukiipa sensa umeme mara ufunguo unapowashwa, na mwenye gari akakaa dakika tano akiongea na simu kabla ya kupiga stata, kauri itakuwa imeiva moto wakati injini inaanza kusukuma yale maji niliyoyataja. Vidhibiti vingine vina akili ya kusubiri, vingine havina. Mimi hupenda rilei yangu iamshwe na mstari wa pampu ya mafuta, kwa kuwa pampu hiyo huzimwa na kompyuta sekunde chache baada ya ufunguo kuwashwa kama injini haizunguki. Angalieni nilivyosema: mstari wa pampu unaiamsha rilei tu. Umeme wa hita wenyewe unatoka kwenye betri.

Lakini pia msifanye kinyume chake. Sensa iliyokaa ndani ya ekzosi bila umeme, injini ikiwa inafanya kazi, hufunikwa na masizi, na haina moto wa kuyachoma. Nimeona magari ambayo mwenyewe alichoka na geji, akang'oa kidhibiti, sensa akaiacha bombani. Miezi michache baadaye anataka kuitumia tena, imekufa. Ukiondoa kidhibiti, ondoa na sensa, uzibe tundu kwa bolti yake.

Sasa ethi.

Sisi sote tulifundishwa kwamba bodi ya gari ni hasi. Chuma chochote utakachokigusa ni ethi. Kwa taa ya breki, kwa honi, kwa feni, fundisho hilo ni kweli na limetulisha. Kwa kipimo halitoshi. Chuma kina ukinzani mdogo, bolti yenye rangi chini yake ina ukinzani zaidi, teminali yenye kutu ina zaidi ya hapo. Na umeme ukipita kwenye ukinzani huacha volti. Kwa hiyo ndani ya gari moja hamna ethi moja. Ziko nyingi, na kila moja imepanda kidogo juu ya hasi ya betri kulingana na umeme unaopita mahali pale kwa wakati ule. Ukiwasha taa kubwa, moja inapanda. Feni ya rejeta ikianza, nyingine inapanda. Injini ikivuta kwa nguvu, koili na injekta zikafanya kazi sana, ya kompyuta inapanda.

Tuchukue kidhibiti ambacho volti 0 ina maana ya uwiano wa hewa kwa petroli wa 10 na volti 5 ina maana ya 20, mpango ambao ni wa kawaida. Kila volti 1 ni vipimo 2. Basi kila sehemu ya kumi ya volti ni 0.2 ya uwiano wa hewa na petroli. Kidhibiti kinatoa volti zake kikizihesabu kutoka kwenye ethi yake. Kompyuta inazipokea ikizihesabu kutoka kwenye ethi yake yenyewe. Kama ethi hizo mbili haziko sawa, tofauti yake inaingia kwenye kipimo moja kwa moja, na hakuna taa itakayowaka kukuonya.

Niwasimulie ile injini. Ilikuwa ya tabo, silinda nne, gari la mtu aliyelipenda kuliko kawaida. Nilifunga kidhibiti na ethi yake nikaipeleka mpaka kwenye nguzo ya hasi ya betri, waya mnene, teminali nzuri, nikaamini hakuna ethi bora kuliko hiyo. Na kweli ilikuwa bora. Kosa lilikuwa upande wa pili: kompyuta ya gari ilikuwa imefungwa ethi yake kwenye kichwa cha silinda kwa teminali ya zamani iliyoliwa na kutu chini ya plastiki, mahali ambapo jicho halifiki. Injini ikiwa inanguruma tu bila mzigo, tofauti ilikuwa ndogo, na kipimo kilionekana sawa. Ikipandisha shinikizo la tabo, ethi ya kompyuta ilipanda karibu volti 0.4. Kompyuta ikizihesabu volti za kidhibiti kutoka sakafu iliyoinuka, ilizisoma pungufu. Skrini yangu ikasema 11.6. Kilichokuwa kinapita kwenye bomba ni 12.4.

Nikaiona petroli imetosha, hata imezidi kidogo kwa ladha yangu, nikapunguza.

Geji ndogo kwenye dashibodi ilikuwa ikisema kweli muda wote, kwa kuwa yenyewe ilipata namba kutoka kwenye kidhibiti bila kupitia ethi ya kompyuta. Niliona haifanani na skrini. Nikadhani inachelewa. Siku ya tatu injini ilianza kugonga ikiwa kwenye mzigo, nikafungua plagi, na kwenye kauri ya plagi ya silinda ya tatu nikakuta chembe za aluminiamu. Mliowahi kuziona chembe hizo mnajua zimetoka wapi. Pistoni ilikuwa imeanza kuliwa ukingoni. Nilimlipa mwenye gari injini yake, na nilimweleza kwa nini, kwa sababu alistahili kujua kwamba petroli yake haikuwa na kosa wala tabo yake haikuwa na kosa.

Ingekuwa kinyume, ethi mbovu ikawa ya kidhibiti na ya kompyuta ikawa nzuri, kompyuta ingesoma volti zaidi, ingeonekana petroli imepungua, nami ningeongeza. Gari lingekula mafuta, plagi zingekuwa nyeusi, lakini pistoni ingepona. Kwa hiyo aina ya hasara inategemea ni ethi ipi iliyooza. Ndiyo maana siwezi kuwaambia ethi nzuri ni betri, au ni bodi, au ni injini. Ethi nzuri kwa kidhibiti ni ile ile ya kompyuta. Mahali pale pale, bolti ile ile kwenye bloku ya injini, baada ya kukwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kwa teminali ya pete iliyobanwa kwa koleo yake na si kwa meno ya plaisi. Kama bolti ya kompyuta ni mbaya, itengenezeni kwanza. Hapo utakuwa umeitengeneza gari nzima.

Vidhibiti vingi vina nyaya mbili za ethi, na hapa nawasihi mtulie. Mmoja ni wa umeme, unabeba mzigo wa hita. Mwingine ni wa kipimo, unabeba karibu hakuna kitu. Kazi yake ni kuiambia kompyuta sifuri ya kidhibiti iko wapi. Wa umeme uende kwenye bloku. Wa kipimo uende kwenye pini ya ethi ya sensa kwenye kompyuta, ile inayotumiwa na sensa ya joto la maji na ya kanyagio. Msizichanganye zikawa waya mmoja nyuma ya dashibodi kwa kuwa zote ni nyeusi. Ukiupeleka mzigo wa hita kwenye ethi ya sensa, utakuwa umepotosha si waidibendi peke yake, bali joto la maji, kanyagio, na shinikizo la hewa kwa pamoja, na kompyuta inaweza kuunguza njia yake ya ndani.

Kupima si kugumu, na inanisikitisha kwamba wachache hupima. Weka mita kwenye volti za DC. Injini iwake. Washa taa kubwa, feni ya hewa, kioo cha nyuma chenye joto, kila kinachovuta. Ncha moja ya mita iguse ethi ya kidhibiti, nyingine iguse ethi ya sensa kwenye kompyuta. Unatafuta namba ndogo, milivolti 10 au 20. Kwenye mpango niliousema, milivolti 10 ni 0.02 tu, ambayo haimdhuru mtu. Ukiona milivolti 100, usiendelee na kazi nyingine. Kisha hakikisha kwa njia ya pili: vidhibiti vingi huweza kuagizwa vitoe volti fulani isiyobadilika. Agiza kitoe volti 2.5, uangalie skrini ya kompyuta inasema 15.0 au inasema nini. Fanya hivyo injini ikiwa imezimwa, ufanye tena ikiwa inavuta.

Mnaotumia kompyuta na vidhibiti vinavyozungumza kwa CAN, mtandao wa kupelekeana data ndani ya gari, mmeepukana na sehemu kubwa ya habari hii, maana namba husafiri kama namba, si kama volti. Kama gari linaruhusu, chagueni hiyo. Hita bado inahitaji ethi nzuri, lakini ethi haitatia mkono ndani ya kipimo.

Kuna kosa jingine la nyaya ambalo limeua injini, nalo ni la kuondoa narobendi ya gari na kuuchomeka waya wa volti 0 hadi 5 wa waidibendi mahali pake. Kompyuta ya kiwandani haijui kwamba umebadilisha. Yenyewe inajua kwamba chochote kilicho juu ya 0.45 maana yake petroli imezidi. Waidibendi ikitoa volti 2.35, ambayo ni 14.7 kamili, kompyuta inasikia kelele za petroli nyingi, inapunguza; kipimo kinapanda, inapunguza tena, mpaka mwisho wa uwezo wake. Vidhibiti vingi vina waya wa pili unaoiga narobendi, wa volti 0 hadi 1, na huo ndio wa kwenda pale. Hata hivyo, kompyuta itaitafuta hita ya ile sensa iliyoondolewa, isipoipata itawasha taa ya injini na kuandika namba ya kosa P0135 au jirani yake. Mimi ushauri wangu ni kuiacha narobendi mahali pake kwa amani na kuchomelea nati ya pili.

Mkishamaliza nyaya, mnabaki na swali la kusoma. Sensa hii inapima oksijeni. Haijui petroli. Sentensi hiyo ingeandikwa kwenye kila geji ningefurahi. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, kwenye gasketi au kwenye ufa wa manifoldi, mapigo ya moshi hunyonya hewa ya nje kupitia upenyo huo, na geji husema petroli imepungua. Silinda moja ikikosa kuwaka, petroli yake yote inatoka nzima bila kuungua, lakini oksijeni yake pia inatoka nzima, na sensa huiona oksijeni tu. Itasema petroli imepungua wakati bomba linanuka petroli. Fundi anayeamini geji peke yake ataongeza mafuta, plagi italowa zaidi, na silinda itazidi kukosa. Pua na masikio bado vina kazi.

Na namba zenyewe, jizoezeni kuzisoma kwa lamda. Sensa haijui umetia petroli au ethanoli. Inaona lamda, na geji ndiyo inayozidisha kwa 14.7 ili kukufurahisha. Ethanoli tupu uwiano wake kamili ni karibu 9 kwa 1, lakini geji iliyopangwa kwa petroli itaendelea kuandika 14.7 mchanganyiko ukiwa sawa. Ukitumia lamda, 1 ni 1 kwa mafuta yote, na 0.85 ni 0.85.

Juu ya uhai wa sensa: adui wake wa kwanza ni madini ya risasi. Petroli ya magari yenye risasi imekwisha duniani tangu Algeria, nchi ya mwisho, ilipoacha kuiuza mwaka 2021, lakini petroli ya ndege ndogo bado inayo, na wapo wanaoitia kwenye magari ya mashindano. Gundi ya silikoni ya kuzibia gasketi, ikiwa si ile iliyoandikwa kuwa salama kwa sensa, hutoa mvuke unaoifunika kauri. Injini inayokula oili nayo huimaliza polepole. Kama kidhibiti chenu kinataka kupangwa kwa hewa safi, fanyeni hivyo sensa ikiwa nje ya bomba, ikining'inia mahali pasipo na moshi wa gari jingine, maana kinajilinganisha na oksijeni ya hewa, asilimia 20.9, na moshi wa jirani utakuwa umekidanganya kabla hamjaanza.

Nimezungumza vya kutosha, na maswali yenu yatajibiwa vizuri zaidi tukiwa tumeinama juu ya chuma. Gari liko nje, ekzosi imepoa, nati ilichomelewa jana. Nawaomba wawili waje na mita, na mmoja alete karatasi ya msasa na spana namba 10. Sensa iacheni kwenye boksi lake kwanza. Tutaanza na bolti ya ethi ya kompyuta, tuone chini yake kuna nini.